Figo Si Chujio

Mwaka wa kwanza, kwenye mtihani wa vitendo wa Baiolojia, niliandika majina yote ya mishipa ya figo bila kukosa hata moja. Aota, ateri ya figo, matawi yake matano, mpaka kile kishipa kidogo cha kuingizia na kile cha kutolea. Nikapata alama zote za swali lile. Miezi sita baadaye, mchoro uleule ukiwa bado kichwani, nilimpelekea baba yangu mdogo kisiwani Rukuba zawadi ya vidonge ambavyo nusura viziue figo zake zote mbili.

Wenzangu mnaosoma udaktari mnisamehe kwa kuingia shambani kwenu. Mimi nasoma ualimu, Baiolojia na Kemia, na pengine ndiyo maana jambo hili limenikera zaidi. Mwalimu ndiye anayeenda kuwaambia watoto wa watu kwamba "figo ni chujio la mwili". Nimeambiwa hivyo darasa la sita, nimeambiwa tena kidato cha pili, na Siku ya Figo Duniani, ile Alhamisi ya pili ya Machi, nikapewa hapa chuoni kipeperushi chenye maneno hayohayo na picha ya glasi ya maji. Nasema neno hilo linatudanganya. Na nasema lilimdanganya baba mdogo, na mimi niliyejua mchoro mzima.

Kwa wasiopajua, Rukuba ni kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Musoma Vijijini, mkoa wa Mara. Watu wake ni wavuvi, wachuuzi wa samaki na familia zao. Mwaloni utasikia Kijita, Kikwaya, Kijaluo, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Baba mdogo anavua dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikija watu wanapumzika, wanashona nyavu. Kwa hiyo katika mwezi kuna wiki kama tatu ambazo mtu wa makamo anakesha akivuta wavu uliolowa, mgongo umepinda, halafu asubuhi jua linamkuta bado anaanika dagaa. Anakunywa chai ya rangi, anakula ugali, anasinzia kidogo, jioni anarudi majini. Maji ya kunywa? Utashangaa jinsi mtu anavyoweza kuishi katikati ya ziwa na bado akashinda na kiu.

Mgongo ulikuwa unamuuma tangu niko sekondari. Sasa mimi msomi, nimepata boom, nikapita duka la dawa karibu na chuo, nikanunua diklofenaki, karatasi kama kumi hivi. Hapa hosteli tunazimeza kama karanga, ukitoka uwanjani, ukiumwa jino, dada zetu wakiwa kwenye siku zao. Mwezi Agosti nikafika Rukuba, nikampa. Alifurahi kuliko kama ningempa shati. "Shikamoo bamdogo," nikasema. "Marahaba mwanangu, umenikumbuka mgongo wangu."

Wiki tano baadaye nilikuwa bado nyumbani, upande wa nchi kavu, likizo haijaisha. Simu ikaja kwamba baba mdogo ameharisha siku mbili, amelegea, miguu imevimba, na tangu jana mchana amekojoa mara moja tu, kidogo, rangi ya chai. Mgongo ulikuwa umezidi kuuma, kwa hiyo alikuwa ameongeza vidonge. Mhudumu wa afya kisiwani alimpima presha, akasema hapohapo apandishwe boti kwenda mjini. Nilimpokea mwaloni Musoma. Hospitali wakampima damu, kreatinini imepanda mno. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa, na ikijaa kwenye damu maana yake figo zimezubaa. Daktari akauliza dawa gani amekuwa akimeza. Baba mdogo akatoa mfukoni karatasi ya vidonge iliyobaki, akasema kwa fahari kabisa, "Hizi hapa. Kaniletea kijana wangu wa chuo kikuu."

Jamani, ningekuwa na shimo ningeingia.

Nilichojifunza wiki ile nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodi ndicho ninachotaka kuandika, kwa sababu chote kilikuwa kwenye madaftari yangu na sikuwahi kukisoma kama jambo linalomhusu mtu.

Anza na hesabu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia unasukuma damu kama lita 5 kwa dakika. Figo zote mbili ukiziweka kwenye mizani hazifiki hata nusu kilo, ni kama nusu ya asilimia moja ya uzito wa mwili. Lakini kati ya zile lita 5, lita moja na ushee zinakwenda kwao. Moja ya tano mpaka moja ya nne ya damu yote! Kwa kila gramu ya nyama yake, figo ya mtu aliyepumzika inapata damu nyingi kuliko ubongo, nyingi kuliko moyo wenyewe.

Kwa nini? Si kwamba figo ina njaa kuliko wengine. Damu inayotoka kwenye figo bado imejaa oksijeni, figo imechukua sehemu ndogo tu. Damu haiji pale kula, inakuja kufanyiwa kazi. Na kazi yenyewe ni kubwa kuliko tunavyoichukulia. Kwa siku moja figo zinakamua kutoka kwenye damu maji kama lita 180. Piga picha madumu tisa ya lita 20, yale ya njano, yamepangwa mlangoni kwenu. Halafu karibu yote yanarudishwa kwenye damu, unabaki na lita moja au mbili unazokojoa. Maji yale yale yanapita na kurudi mara nyingi kwa siku.

Sasa chujio la chai linafanyaje kazi? Unamimina, maji yanashuka yenyewe. Chujio halihitaji mtu wa kulisukuma. Likiziba, unalisuuza. Ndiyo maana ukishamwambia mtu figo ni chujio, akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye kusuuza, anywe maji mengi, anywe "dawa ya kusafisha figo" inayouzwa stendi na kwenye magrupu ya WhatsApp, imekwisha. Figo haina mvuto wa kumimina. Figo inakamua kwa nguvu ya damu inayoingia, yaani kwa presha. Injini yake ni moyo, na bomba lake ni ile ateri. Bomba likipungukiwa, hata figo iwe safi kama sahani mpya, hakuna kitakachokamuliwa.

Tazama jinsi bomba lilivyofungwa. Aota, ule mshipa mkuu unaoshuka mbele ya uti wa mgongo, unatoa tawi moja kulia na moja kushoto, usawa wa juu kidogo ya kitovu. Ni matawi mafupi na manene, karibu kabisa na moyo, yaani figo hazipangi foleni nyuma ya mtu. Tawi la kulia ni refu zaidi kwa kuwa linapita nyuma ya vena kuu kwenda upande wake. Upande wa kushoto, vena ndiyo ndefu. (Ndiyo maana madaktari wa upandikizaji mara nyingi hupenda kuchukua figo ya kushoto kwa mtoaji, mshipa mrefu unashoneka vizuri.) Ateri ikifika mlangoni mwa figo inagawanyika matawi matano hivi, na kila tawi lina eneo lake. Hayaungani. Kwenye mkono wako njia moja ikiziba damu inaweza kuzungukia njia nyingine. Ndani ya figo hakuna barabara ya mchepuko. Tawi likiziba, eneo lake linakufa, basi.

Matawi yanaendelea kugawanyika mpaka yanakuwa vishipa visivyoonekana kwa macho, na hapo ndipo penye ufundi wa pekee. Sehemu nyingine mwilini, ateri inaishia kwenye kapilari, kapilari zinamimina kwenye vena. Kwenye figo, kishipa cha kuingizia kinaingia kwenye kifundo cha kapilari, glomeruli, halafu kinatoka kishipa kingine chenye misuli ileile, cha kutolea. Milango miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kila figo ina vifundo hivyo kama milioni moja. Mlango wa mbele ukifunguka na wa nyuma ukibana, presha ndani ya kifundo inapanda na maji yanakamuliwa. Mlango wa mbele ukibana, presha inashuka, ukamuaji unasimama. Na damu iliyotoka mlango wa nyuma haijamaliza safari, inaingia kwenye kapilari nyingine zinazozunguka mirija ya figo na kuilisha. Kwa hiyo mlango wa mbele ukibanwa, hata mirija ya nyuma inalala njaa. Na inayoumia zaidi ni ile iliyo ndani, kwenye medula, ambako hata siku njema damu inafika kidogo mno, sehemu kubwa imeishia korteksi. Nyama ya medula inaishi ukingoni mwa kukosa hewa kila siku ya Mungu.

Sasa siku damu inapopungua, umeharisha, umetoka jasho usiku kucha, umetapika, mwili unabana mishipa yake ili moyo na ubongo vipate. Figo nayo ingebanwa ikafa, isipokuwa ina ulinzi wake. Inatengeneza kemikali iitwayo prostaglandini, ambayo kazi yake pale ni kushikilia mlango wa mbele usifungwe. Wakati huohuo homoni nyingine, angiotensini, inabana mlango wa nyuma. Mbele wazi, nyuma pamebanwa, presha ndani inabaki, mtu anaendelea kukojoa.

Na diklofenaki inafanyaje kazi? Inazuia utengenezaji wa prostaglandini. Ndiyo dawa yenyewe hiyo. Prostaglandini ndizo zinazoleta maumivu na uvimbe kwenye mgongo, ukizizuia mgongo unapoa. Lakini kidonge hakina macho. Kinazizuia za mgongoni na za mlangoni mwa figo.

Hapa ndipo unapata jibu la yule rafiki yako anayesema "mbona mimi nimemeza miaka yote na niko poa?" Ni kweli, yuko poa. Kijana mwenye afya, aliyekunywa maji, mlango wake wa mbele uko wazi wenyewe, hategemei sana prostaglandini. Kwake kidonge kinapita. Ni mpaka siku damu imepungua ndipo ulinzi ule unahitajika, na siku hiyo ndiyo unakuta umeshauondoa mwenyewe. Baba mdogo alimeza wiki tano bila kuona kitu. Kuharisha siku mbili kukamaliza kazi.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema vidonge vile vitupwe baharini. Ni dawa nzuri, vina kazi yake, na dada anayeumwa tumbo siku mbili kwa mwezi hana sababu ya kutishika na makala yangu. Kinachonisumbua ni kwamba sisi tunavijua kama "dawa ya maumivu", nukta. Hakuna aliyetuambia kwamba vinagusa bomba la figo, kwa sababu kwenye hadithi ya chujio hakuna bomba.

Baba mdogo alikuwa na jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko vidonge. Presha aliyopimwa ilikuwa 170 kwa 110, na daktari alisema si ya jana. Hajawahi kupimwa maishani. Presha ya juu ya muda mrefu inafanya kuta za vile vishipa vidogo kuwa nene na ngumu, nafasi ya damu ndani inapungua. Figo zake zilikuwa zinaishi kwa kubahatisha kabla sijafika na zawadi yangu.

Na kuna mzunguko mbaya hapa ambao ulichukua miaka mingi kueleweka. Mwaka 1898 huko Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walichukua maji ya figo za sungura, wakawadunga sungura wengine, presha ikapanda. Kitu kile wakakiita renini. Kikasahaulika. Mwaka 1934 Harry Goldblatt, Marekani, akaweka vibanio kwenye ateri za figo za mbwa, akazibana kidogo tu, siyo kuzifunga, na mbwa wakapata presha ya juu. Maana yake ni kwamba figo ikipata damu kidogo haijui kama ni bomba lake tu limebanwa. Inaamini mwili mzima umeishiwa damu, inamwaga renini, na renini inaanzisha safari inayobana mishipa na kuzuia chumvi isitoke, presha ya mwili mzima inapanda. Presha inaharibu vishipa, vishipa vikiharibika figo inapata damu kidogo, figo inapiga kelele, presha inapanda tena. Ukiuliza kipi kilianza, presha au figo, kwa wagonjwa wengi jibu ni kwamba vinafukuzana.

Kwetu ziwani mtu akikojoa vibaya lawama ya kwanza ni kichocho. Nilidhani hivyo hata mimi. Lakini kichocho kilichozoeleka ndani ya Ziwa Victoria ni kile cha tumbo, ambacho adhabu yake inaangukia ini. Kile cha mkojo kipo, ni cha madimbwi na vijito, na kinaumiza kibofu na njia za mkojo, yaani upande wa mkojo kutoka. Baba mdogo tatizo lake lilikuwa upande wa damu kuingia. Kwenye picha ya chujio pande hizo mbili ni kitu kimoja.

Walimwekea dripu, wakasimamisha vidonge, wakaanza dawa ya presha taratibu baadaye. Siku ya nne akaanza kukojoa. Figo zikarudi, si zote, kwa mujibu wa daktari zimebaki na kovu. Tulishakuwa tunazungumzia kusafishwa damu kwa mashine. Mnajua maana yake? Mara tatu kwa wiki, kila mara ni takribani saa nne umelala mashine ikifanya kazi ya figo. Kwa mtu wa Magomeni ni mtihani mkubwa. Kwa mtu wa Rukuba ni kuvuka ziwa mara sita kwa wiki, ziwa likiwa na mawimbi au halina, au kuuza boti na kuhamia mjini kwa ndugu. Upandikizaji nao upo nchini siku hizi, Muhimbili walifanya wa kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata 2018. Kuna jambo moja kwenye upandikizaji ambalo lingetosha kuua neno chujio. Figo mpya haiwekwi ilipo ya zamani. Inawekwa chini tumboni, karibu na nyonga, kwa sababu kule kuna ateri nzuri ya kuiunganishia. Mahali hapana shida, ilimradi kuna bomba. Daktari akishaunganisha ateri na vena na kuachia vibanio, figo iliyokuwa imepauka inakuwa ya waridi, na mara nyingi, ikiwa imetoka kwa mtu aliye hai, inaanza kutoa mkojo hapohapo mezani. Haijasafishwa na kitu. Imepata damu.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu na rafiki yangu wa udaktari, maana nilimsimulia yote haya kwenye kimbweta tulipofungua chuo. Akanijibu: "We nawe. Mzee wa kijijini hahitaji fiziolojia. Mwambie asimeze diklofenaki, mambo yaishe." Nilimwelewa, na kwa kweli nusu nilikubali, kwani hospitali nako walimwambia hivyohivyo na yeye akaitikia.

Desemba nikapiga simu kumjulia hali. Mgongo je? "Mgongo sasa afadhali, nimepata dawa nyingine." Dawa gani? Akanisomea herufi kwa herufi. Ibuprofeni. Ndugu yuleyule, koti jingine. Hakuwa mkaidi. Aliambiwa asimeze diklofenaki, hakumeza diklofenaki. Muuza duka naye hakujua historia yake. Amri aliipata, sababu hakupewa, na mgongo unauma kila siku ilhali amri imesemwa mara moja tu.

Nikasafiri mapumziko ya katikati ya mihula. Tulikaa mbele ya nyumba, anashona wavu, na nilijaribu kuanza na glomeruli nikaona ninajiaibisha. Kwa Kiswahili maneno yaliniishia, kwa Kijita ndiyo kabisa. Miaka yote nimefundishwa kwa Kiingereza na nimejibu mitihani kwa Kiingereza, sijawahi hata siku moja kulazimika kumweleza mtu figo yake. Nikaacha. Nikamwambia hivi: bamdogo, chukulia robo ya boti zote za ziwa hili zinatia nanga hapa Rukuba kila usiku. Akacheka, akasema hatuna mwalo wa kutosha. Nikamwambia ndiyo hivyo figo ilivyo, kisiwa kidogo kinachopokea robo ya boti, na mwalo wake umejengwa hivyo, kila anayeishi pale anakula kutokana na boti zinazoingia. Boti zikija kwa kasi na kugonga kila siku, mwalo unavunjika, hiyo ndiyo presha yako. Zisipokuja, watu wa ndani ya kisiwa, walio mbali na ufuko, ndio wanaanza kufa njaa.

Akaendelea kushona. Baadaye akasema, taratibu: "Kwa hiyo nilipoharisha, boti zilikuwa chache."

Ndiyo.

"Na siku hiyo ya boti chache, kidonge kikaja kufunga na lango la mwalo."

Ndiyo, bamdogo.

"Na hiki kingine?"

Hicho nacho ni funguo ya lango lilelile.

Aliinuka, akaenda ndani, akaleta zile ibuprofeni, akanipa mkononi. Sikumwambia azilete. Baadaye nilimsikia akimweleza mwenzake wa botini, ambaye naye ana mgongo, na alieleza vizuri kuliko mimi. Aliongeza hata kitu ambacho sikukisema, kwamba ndiyo maana mtu akitapika na ziwa asimeze kitu cha maumivu mpaka anywe maji kwanza apate mkojo.

Kwa hiyo rafiki yangu wa udaktari nimemrudia na msimamo wangu, na nauweka hapa ili serikali ya wanafunzi nayo iusome. Machi ijayo, tukichapisha kipeperushi cha figo, neno chujio litoke. Tuandike kwamba figo inaishi kwa damu inayoingia kwa presha sahihi, na chini yake tuandike vitu vinavyoharibu bomba hilo: presha isiyopimwa, sukari, kuharisha bila kurudisha maji, na vidonge vya jamii ya diklofenaki siku mwili umekauka. Kiswahili chote, kiweze kusomwa na mama mwenye nyumba wa Ubungo na mvuvi wa Mara. Na pesa za fulana za Wiki ya Afya, zile ambazo baada ya wiki mbili tunafutia meza, zinunue mashine za kupima presha, moja kila bweni, mtu akienda likizo aazime aende nayo nyumbani. Tumo humu ndani watu wa kila wilaya ya nchi hii. Hakuna wizara yenye magari ya kutosha kufika sehemu zote ambazo sisi tunafika kila Agosti bila kulipwa, tena tukipokewa kwa ugali na samaki.

Najua jibu litakuwa bajeti. Mimi nilinunua ya kwangu kwa boom la muhula huu, nikala wali maharage mwezi mzima, na sijafa. Iko Rukuba. Baba mdogo amejifunza kuitumia, na asubuhi boti zikirudi watu wanapanga foleni uani kwake, mpaka shangazi analalamika betri zinakwisha.

Juzi amenipigia kunisomea: 138 kwa 86. Mgongo bado unauma, anasema, na giza linaanza Jumatatu. Nikamwambia ameze parasetamo tu kama alivyoandikiwa, aende na dumu la maji botini, na wavu wa kwanza amwachie kijana auvute.

"Kijana gani?" akaniuliza. "Vijana wote si mko chuo."